Vivinjari Viwili kwenye Masini ya Baba Mkwe

Siku ile masini, ile kompyuta ya baba mkwe, ilinipa amri mbili. Asubuhi iliniambia kivinjari changu ni cha zamani mno, nikibadilishe. Mchana, nikiwa nimekwisha kukibadilisha, ikaniambia kile nilichotaka kukifungua hakifunguki tena katika kivinjari kipya. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni, blauzi imelowa maziwa, na nikatamka neno ambalo mke wa mtu hatamki katika nyumba ya wakwe zake. Bahati yangu mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe ya majani ya mihogo, na kinu kilipiga kelele kunishinda.

Nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini, la sivyo mtu ataniona mwenda wazimu anayegombana na kisanduku.

Kulikuwa na nafasi mbili za kazi katika kituo cha afya cha Wamaza, upande wa Kabambare. Walitaka watu wa kuingiza chanjo za watoto kwenye kompyuta. Wamaza ndiko nilikozaliwa. Mama yangu yuko kule na shamba lake la mihogo, na mume wangu anachimba dhahabu mwendo wa saa mbili kutoka pale kwa pikipiki. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa Kasongo, katika nyumba ya wazazi wake, kwa sababu nilipoolewa ndipo nilipowekwa, na mume nilikuwa namwona kama mgeni wa sikukuu. Miaka mitatu nimelala katika nyumba isiyo yangu, na diploma yangu ya serikali imelala ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Kazi ile ingenitoa mle na kunipeleka kwangu. Hilo ndilo nililolitaka, na sikulificha hata siku moja.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, ujaze fomu kwenye mtandao. La pili, umalize mafunzo yaliyokuwa ndani ya kle ndogo, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, tuliyopewa na watu wa afya, masomo kumi na mawili, na mwishoni masini yenyewe ikutolee hati ya kumaliza. Hati hiyo unaipeleka Kabambare siku ya mtihani. Bila hati huingii mlangoni. Tulipewa wiki tatu.

Masomo yale yalifungukia ndani ya kivinjari, ingawa hayakuhitaji mtandao. Anayejua kompyuta anivumilie. Asiyejua aelewe hivi: kivinjari ni kile kidirisha unachoingilia mtandaoni, na nyongeza ni kiprogramu kidogo kinachobandikwa humo ili picha zitembee na vitufe vijibu. Mafunzo yetu yalitaka nyongeza moja ambayo ilikuwa imeshazeeka. Wenye kutengeneza vivinjari, huko waliko, waliamua hawaitaki tena, wakaitoa katika matoleo yao mapya. Hakuna aliyewauliza watu wa Wamaza. Na fomu ya mtandaoni ilitengenezwa na mtu mwingine ambaye hataki kuona kitu cha zamani. Kwa hiyo ofisi moja, kwa kazi moja, ilikutaka uwe na kivinjari kipya na kivinjari kizee. Walioandaa mambo haya sijui kama waliwahi kukaa meza moja.

Masini yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mkwe. Yeye alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, prefe kama tunavyosema, na alipostaafu wanafunzi wake wa zamani walimchangia wakamnunulia. Ilikaa juu ya meza katika chumba chake cha mbele, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na waya wake ulitoka moja kwa moja kwenye pano ya kuvuta umeme wa jua iliyokuwa juu ya bati. Aliipenda kuliko baiskeli yake, na baiskeli yake aliipenda sana.

Sasa katika ukoo ule, mke wa mtoto haketi mbele ya baba mkwe. Hali chakula mbele yake. Anamsalimia kwa magoti, anajibu akiulizwa, basi. Ukiwa na jambo unamwambia mama mkwe, naye analipeleka. Jibu linarudi kwa njia ileile. Ruhusa ya kutumia masini ilikuja hivyo: mama mkwe alinikuta naosha nepi akasema, "Baba yako amekubali, lakini kitambaa ukirudishe sawa ulivyokikuta." Kila siku kati ya adhuhuri na alasiri baba mkwe hukaa msikitini na wazee wenzake. Hapo ndipo niliingia. Nilifunua kitambaa, nikafanya kazi yangu, nikakikunja mikunjo yake, nikatoka kabla hajarudi. Nilikuwa kama mwizi mwenye ruhusa.

Baada ya zile amri mbili nilikwenda sekretaria, kile kibanda cha karibu na soko wanakopiga chapa na kutoa fotokopi. Mwenye kibanda alisoma kwa baba mkwe zamani na hakumaliza. Anatunza kle iliyojaa matoleo ya zamani ya kila kitu, anayachambua kama mama anayechambua nguo za balo, za mitumba.

Aliniuliza, "Unataka ya ngapi?"

"Nitajua miye? Nataka yenye kufungua."

"Mama, kila mutu anataka yenye kufungua. Miye nauliza namba."

Nilimwambia kama angekuwa na mtoto mgongoni asingeuliza namba. Alicheka, akanieleza vizuri. Matoleo mapya kabisa hayaikubali nyongeza ile hata ukiyapigia magoti. Yale ya themanini na kitu yanaikubali, lakini yanakuulizauliza. La hamsini na mbili linaikubali bila maneno, ila ni zito na baya kuliangalia. Shida ya Kasongo, alisema, watu wanachagua kivinjari sawa vile wanachagua simu, kile cha mwisho tu, halafu wanakuja kulia kwake. Akanipa matatu: jipya kwa ajili ya fomu, na mawili ya zamani nijaribu. Akanionya kwamba la zamani nisilisimike juu ya jipya, maana litaliua au litauliwa; niliweke peke yake katika folda yake. Na nisilifungue masini ikiwa imeunganishwa na mtandao, maana litaenda lenyewe kujitafutia toleo jipya, na nikirudi sitalikuta.

Fomu niliijaza siku hiyohiyo kwa kile kipya. Ikaenda, ikanirudishia namba, nikainakili kwenye daftari. Nilifurahi kwa muda wa chai moja.

Toleo la themanini na kitu lilifungua somo la kwanza na la pili. Katika la tatu, yule muuguzi wa kuchorwa anayefundisha alinyanyua sindano juu na akabaki hivyohivyo. Nilifunga, nikafungua. Sindano juu. Nikanyonyesha mtoto, nikarudi. Sindano juu. Hapo nikachukua la hamsini na mbili. Lilifunguka polepole kama mzee anayeamka, herufi zake zimekaa ovyo, lakini muuguzi alitembea, alisema, alitikisa kichwa nilipokosea na kuitikia nilipopata. Nilimpenda kwa dakika tano, baadaye nikamchukia, kwa sababu huwezi kumkatiza. Hata kama unajua jibu, lazima umsikilize mpaka amalize, na akimaliza anarudia.

Lingine la kuudhi: masomo yalikumbuka nilipofikia, lakini kumbukumbu hiyo ilikaa humohumo katika kivinjari kile na nyongeza yake. Ukikiondoa kivinjari, unaanza tangu somo la kwanza.

Nilifika somo la tisa. Sikufika kwa raha. Mtoto wangu ana jina la mama mkwe, na mtu anayejua mambo haya anajua maana yake: siwezi kumgombeza kwa sauti, maana ni kama namgombeza mwenye jina. Alilia katikati ya somo la sita, nikasema, "Nyamaza, weye mutoto, unanichosha," na bibi yake akaitikia kutoka jikoni kwamba yeye hajasema kitu. Basi nilijifunza ubaridi wa chanjo huku nimeuma meno.

Zilipobaki siku nane, shangazi yangu alifariki Nyangwe. Ilinibidi niende matanga, na mtoto mgongoni, siku tatu kwenda na kurudi. Nilikuwa na hofu moja tu. Baba mkwe hupenda kuunganisha simu yake na masini asome habari, na masini ikishikana na mtandao huanza kumwuliza: nisasishe? nisasishe? Na yeye ni mtu wa ndiyo. Kwa prefe, kitu cha zamani ni daftari lisilosahihishwa.

Asubuhi ya kuondoka nilimshika mama mkwe mlangoni. Nilimwambia maneno machache, tena nikayarudia: amwambie baba asiguse ile folda, na masini ikimwuliza kama isasishe, akatae. Mama mkwe akasema, "Nimesikia. Nitamufikishia." Akamfunga mtoto vizuri mgongoni mwangu, nikapanda pikipiki.

Niliporudi niliingia moja kwa moja, hata maji ya kuoga sikuyaulizia. Baba mkwe alikuwa ameenda msikitini. Nikafunua kitambaa. Nilijua kabla sijagusa kitu, kwa sababu skrini ilikuwa inang'aa, mtu ameipangusa. Folda haikuwepo. Kivinjari kilikuwa kimoja, kipya, cheupe, na nilipoweka kle, mahali pa muuguzi palikuwa na ukurasa mtupu na mstari mmoja wa maandishi: nyongeza hii haitumiki tena. Masomo tisa yamekwenda. Siku zilizobaki tano.

Nilimfuata mama mkwe jikoni. Alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia vizuri."

"Nilisema asiguse."

"Weye njo ulisema asiguse. Miye nikimufikishia vile, mu nyumba yake, juu ya kitu yake, angeuliza wewe ulilelewa na nani. Nilikulinda."

Nikamwomba anieleze alichosema hasa. Alisema: mukwe wako anakuomba umutunzie masini vizuri, sababu masomo yake iko ndani. Hivyo tu. Na mzee, aliposikia kwamba kwa mara ya kwanza tangu niolewe nimemwomba kitu, aligusika. Alinunua mega za mtandao za siku nzima. Alikaa mezani tangu asubuhi hata sala mbili akazisalia nyumbani. Kila kilichomwuliza kama kisasishwe alikikubalia. Kilichokuwa kimeandikwa kwamba si salama alikifuta, na la hamsini na mbili lilikuwa limeandikwa hivyo. Mwisho akapangusa skrini kwa pindo la kanzu. Mama mkwe alinisimulia haya yote kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ulivyopendwa.

Ningekuwa na hasira ndogo ningelia. Yangu ilikuwa kubwa. Nilisubiri uani mpaka baba mkwe akarudi, akaketi kwenye kiti chake cha kamba na redio yake ndogo. Aliponiona nakuja aliangalia pembeni, kama adabu inavyotaka, akingojea nipige magoti nimsalimie. Sikupiga.

"Baba, ile kazi ya Wamaza umeifuta wewe."

Kule jikoni ungo ulinyamaza. Yeye alizima redio kwanza, polepole.

"Miye? Miye niliitengeneza masini."

"Ulitengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Kile cha zamani njo nilikuwa nakitaka."

"Mutu gani anataka cha zamani?"

"Miye, Baba. Masomo hayafunguki mu kingine."

Alivua miwani. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa, nilishaanza kuhesabu nguo za mtoto kichwani. Akasema, "Sababu gani hukuniambia?"

"Kwa kinywa gani, Baba?"

Alivaa tena miwani. Kisha akaniuliza zimebaki siku ngapi. Nikasema tano. Na masomo mangapi. Nikasema yote. Akasimama, akavaa kofia yake, akatoa baiskeli.

Baadaye mwenye sekretaria mwenyewe alinisimulia, akijishika mbavu. Prefe alisimama kwenye foleni ya fotokopi, nyuma ya wanawake wa mboga, akakataa kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika, yule ambaye yeye mwenyewe alimrudisha darasa mara mbili alimwuliza, "Prefe, unataka ya ngapi?" Na prefe akasema, "Hamsini na mbili," kwa sauti ya mtu anayesoma alama za darasa zima.

Lakini mambo hayakuisha. Katika kusasisha kwake, baba mkwe alikuwa amesasisha hata nyongeza, na nyongeza ile katika toleo lake la mwisho ilikuwa imewekewa siku ya kufa. Walioitengeneza wenyewe waliipangia: ikifika tarehe fulani isifunguke tena, hata katika kivinjari cha zamani. Toleo la nyongeza la kabla ya hapo mwenye sekretaria hakuwa nalo. Lile letu, lililokuwa ndani ya masini tangu iliponunuliwa, ndilo lilikuwa la mwisho mjini, na lilifutwa kwa kidole cha mapenzi. Dawa ilikuwa moja. Urudishe kalenda ya masini nyuma, miaka kadhaa, ili nyongeza idhani bado iko hai.

Hapo baba mkwe aligoma. Mtu aliyetia sahihi vitabu vya alama maisha yake yote hawezi kuiambia masini uongo juu ya tarehe. Alisema tarehe ni tarehe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nikamjibu kwamba masomo ni masomo na siku ni nne na nusu. Nikasikia kitufe kikibonyezwa, tena, tena, mwaka mmoja mmoja unarudi nyuma, na kila mwaka akivuta pumzi.

Lile pazia ndilo lililotuokoa na ndilo lililotaka kuniua. Muda wa kati ya adhuhuri na alasiri usingetosha tena. Ilibidi tufanye mchana kutwa, jua likiwa juu ya pano. Mimi siwezi kuketi chumbani mwake mbele yake. Yeye sasa hakutaka kutoka, alisema kosa ni lake na atalifuta mwenyewe. Na kumwachia masini peke yake, samahani, sikuwa tayari. Basi nilitandika mkeka upande wa ukumbi, nyuma ya pazia, mtoto kwenye ziwa. Yeye mezani. Muuguzi anasema, yeye anasoma swali kwa sauti ya mtihani wa taifa, mimi najibu, yeye anabonyeza.

Laiti angebonyeza tu. Hakuweza. Alitaka jibu kamili. Nikisema "La pili," ananiuliza la pili kwa sababu gani. Nikisema sababu, anaisahihisha. Somo la saba hakukubaliana na muuguzi juu ya kiwango cha baridi cha jokofu la chanjo. Nilijibu nilivyofundishwa, yeye akabonyeza alivyoona ni haki. Muuguzi akatikisa kichwa, somo likarudi mwanzo, dakika arobaini.

"Baba, bonyeza nililosema!"

Nilipiga kelele. Nakiri. Wapita njia walisikia mke wa mtoto anamfokea prefe, na jirani mmoja alisimama kabisa na beseni lake kichwani asikilize. Mama mkwe alijifunika kitenge usoni, akaenda kukaa kwa dada yake mpaka jua lilipopungua. Somo lilipoanza tena baba mkwe alibonyeza nililosema, lakini kila mara kwa kishindo, ili nijue.

Tulimaliza siku ya nne, alasiri imekaribia. Muuguzi akapiga makofi. Hati ikatokea, jina langu sawa, alama zangu nzuri, na chini yake tarehe. Ilikuwa tarehe ya ile kalenda yetu ya uongo. Kwa mujibu wa karatasi ile, nilimaliza mafunzo ya chanjo nikiwa mwanafunzi wa sekondari, navaa sketi ya buluu na blauzi nyeupe, sijui mume wala mtoto.

Nilikaa chini. Kuirudisha kalenda kwenye siku ya leo na kuitoa hati upya haikuwezekana, maana nyongeza ilikufa palepale. Nilikwenda kuipigisha chapa sekretaria, na mwenye kibanda alipoiona tarehe alisema si tatizo: anaipitisha kwenye skana, anafuta, anaandika ya leo, muda mfupi tu. Alishawafanyia wengine watatu wa orodha yetu ambao mafunzo hayakuwafungukia kabisa. Hao aliwaandikia hati nzima. Aliniambia kwa wema, kama mtu anayekupa kiti.

Nilimkatalia. Watu wakisikia wanadhani ni uaminifu, au ni mafundisho ya prefe. Si hivyo. Nilikuwa nimechoka na kila mtu mwenye kunisasishia kitu changu. Nimekaa siku nne nyuma ya pazia kwa ajili ya karatasi ile, na asiyeitaka ilivyo aniambie usoni.

Kwenda Kabambare mimi na mtoto tulikwenda kwa pikipiki, njia imekatwa na mvua, mara mbili nilishuka nikavuka tope kwa miguu na mtoto. Ofisini tulikuwa tisa. Aliyepokea hati alikuwa mama mmoja wa afya, mnene, mwenye sauti ya chini. Aliziangalia zote bila haraka, akazitenga mafungu mawili. Katika fungu moja kulikuwa na hati tatu, tarehe zake zote za wiki ile. Akawaita wenyewe, akawauliza kila mmoja alifungua mafunzo kwa kivinjari gani. Wa kwanza alitaja kipya kabisa, kwa fahari. Mama yule akasema yeye mwenyewe alijaribu mwaka mzima kuyafungua katika tarehe ya kweli na hakuweza, na alishawaandikia wakubwa wake na hawajamjibu. Akawarudishia karatasi zao.

Nilipofika mbele yake aliitazama ile tarehe yangu.

"Ulirudisha kalenda mpaka wapi?"

"Mpaka ilipokubali."

"Ingia," akasema.

Kumbe walijua. Walijua kwamba mafunzo hayafunguki, wakatupa hivyohivyo, wakangoja waone nani atahangaika kutosha. Nilitaka kumwuliza hilo, lakini nilikuwa naogopa kunyimwa kiti. Nikaingia, na ndani nikakuta meza, karatasi na kalamu. Mtihani wa kazi ya kompyuta ulifanywa kwa kalamu, kwa sababu jenereta haikuwa na mafuta. Nilicheka peke yangu, cheko la ubaya, na mtu wa jirani akasogea. Niliandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umemshika mtoto aliyekuwa anavuta karatasi.

Majina yalisomwa mlangoni mchana uleule. Langu lilikuwa la pili, na la pili ndilo la mwisho.

Nilikaa kwenye ngazi kunyonyesha. Mmoja wa wale watatu waliorudishiwa karatasi alikuwa amekaa palepale, msichana wa rika langu, kitenge chake kimejaa tope hadi magotini kama changu. Aliniuliza nilitumia toleo la ngapi. Hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia.

"Hiyo nilikuwa nayo," akasema. "Masini ya kaka yangu ilikatala kurudisha tarehe. Kila nikirudisha, inaipeleka mbele yenyewe. Wiki mbili nilifanya hiyo tu."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado nilitaka kumpiga mtu, wala sikujua nani. Nikamwuliza anaelekea wapi. Akasema Wamaza, kwao ni kule, ng'ambo ya kile kijito cha karibu na soko. Nikamwambia mimi nami nakwenda Wamaza, sirudi Kasongo. Sanduku langu mama mkwe atalituma. Dereva alitaka tupande pikipiki mbili. Tukakataa, tukapanda moja, mtoto katikati yetu.